Barua kwa mhariri: msiwaambie watu wazuie pumzi wakiishiwa hewa chini ya maji

Ndugu mhariri,

Salamu kwako na kwa wote mnaotuandalia gazeti. Mimi ni msomaji wenu wa siku nyingi, siyo mtu wa kuandika barua, lakini ile makala yenu ya juzi kuhusu kuzamia kwa mitungi nimeisoma mara tatu na mara ya tatu nikasema hapana, hii siwezi kuiacha ipite. Makala yenyewe nzuri, picha nzuri, na nimefurahi kwamba gazeti la Kiswahili linaandika mambo ya chini ya maji maana ni nadra sana. Ila kuna mahali pale kwenye safu ya pili mwandishi anaeleza mzamiaji afanye nini hewa ikikatika ghafla, anasema avute pumzi ya mwisho, aizuie, halafu apande juu haraka kadiri anavyoweza. Mhariri, ushauri huo unaua. Sisemi kwa kuwaonea wala kwa kutaka kujionyesha, nasema kwa sababu kuna kijana mahali ameusoma, wiki ijayo anaenda kuanza kozi, na siku akishtuka chini ya maji kitakachomjia kichwani ni kile alichosoma kwanza.

Ngoja nieleze kwanini. Ukiwa juu ya maji presha ya hewa ni kama bari 1. Ukishuka mita 10 baharini inakuwa mara mbili, mita 20 mara tatu, mita 30 mara nne, na kazi yote ya regulata, kile kifaa cha mdomoni unachopumulia hewa ya mtungi, ni kukupa hewa yenye presha sawa na ya maji yanayokuzunguka, ndiyo maana kifua kinapanuka bila shida wakati maji yanakikandamiza. Sasa chukua mtu yuko mita 10, amevuta pumzi kamili lita 5, kafunga koo, anakimbilia juu. Zile lita 5 zikifika juu zinataka kuwa lita 10. Zitakaa wapi? Mapafu yanachanika, na hayahitaji hata mita 10, mapafu yaliyojaa kabisa yanaweza kuumia kwa kupanda mita moja na kitu tu, yaani hata kwenye bwawa la mazoezi. Hewa ikitoka pale inaweza kubana pafu likanywea, au ikaingia kwenye damu na kwenda moja kwa moja kichwani, na huyo mtu anafika juu, anatoa kichwa, watu kwenye boti wanashukuru Mungu kapona, na dakika chache baadaye amezimia.

Nadhani najua mwandishi alichanganya wapi. Mpiga mbizi anayeshuka kwa pumzi moja aliyoivuta juu, yule anaizuia na hapati neno, kwa sababu hewa yake ilibanwa wakati wa kushuka na akirudi juu inarudi ukubwa uleule iliokuwa nao. Mwenye mtungi siyo hivyo. Yeye ameongeza hewa akiwa chini, hewa iliyobanwa tayari. Wote wawili wako majini, wote wanapanda, ila sheria ya mmoja ni kifo cha mwingine.

Na jambo hili siyo la kubahatisha. Watafiti wa Divers Alert Network, shirika la usalama wa wazamiaji, walichambua vifo 947 vya wazamiaji wa burudani vya mwaka 1992 hadi 2003, kazi yao ikachapishwa 2008. Katika vifo ambavyo kilichoanzisha tatizo kilijulikana, asilimia 41 kilikuwa kuishiwa hewa, na vifaa kuharibika asilimia 15. Halafu wakaangalia ni kitu gani kilichomdhuru mtu hasa, na hapo ndipo mi huwa nasimama kila nikisoma: katika vifo ambavyo hicho kilijulikana, zaidi ya nusu, asilimia 55, ilikuwa kule kupanda kwa dharura. Yaani mtu hewa imemsumbua, sawa, lakini kilichomwangusha ni namna alivyokimbilia juu. Ndiyo maana sentensi ile imeniuma.

Sasa afanye nini? Hapo ndipo makala ilipopita haraka na ndipo penye mambo mengi, naomba nafasi.

Kwanza watu wajue kwamba kifaa kikiharibika chini mara nyingi hakifungi hewa. Regulata za siku hizi zimetengenezwa ili zikifeli zifeli kwa kuachia, siyo kwa kuziba. Kinachotokea ni hewa kuanza kumwagika kwa nguvu mdomoni, mapovu kila mahali, kelele, huoni mbele, na mtu anadhani amekufa wakati kwa kweli hewa anayo nyingi kupita kiasi. Kwenye maji ya baridi sana ndiyo hutokea zaidi maana barafu inajiunda ndani ya ile sehemu inayofungwa kwenye mtungi. Ukikutwa na hali hiyo usiing'ate regulata ukaifunga kwa midomo kama kawaida, ishike kwa mkono, iweke kwenye midomo upande mmoja tu, upande wa pili uache wazi hewa ya ziada itoke, geuza kichwa kidogo mapovu yasikuzibe maski, unavuta unachohitaji kama mtu anayekunywa kwenye bomba linalomwaga. Inafanya kazi kabisa, nimeifanya. Lakini mtungi utaisha kwa dakika chache sana, kwa hiyo siyo hali ya kukaa kutafakari, unamwita mwenzako na mnaanza kupanda.

Hozi nazo zikipasuka watu huogopa ile isiyo hatari. Hozi ya geji, kile kipimo cha presha ya mtungi, ndiyo ina presha kubwa, ikipasuka inapiga kelele ya kutisha, lakini tundu linaloilisha ni dogo kama la sindano kwa hiyo hewa inatoka polepole kuliko unavyodhani. Hozi ya regulata au ya jaketi, lile linalojazwa hewa ili mzamiaji aelee, ikipasuka ndiyo mtungi unakwisha mbio. Na kile kipande cha mpira cha mdomoni kikichomoka, kinachomoka kweli, kamba yake ikikatika, regulata bado nzima, unaweza kuiweka midomoni hivyohivyo na ukapumua hadi upate nyingine. Ikiwa inaingiza maji kwa sababu mpira wa ndani umechanika, vuta polepole, ulimi uweke juu uzuie matone, usivute kwa pupa. Kukohoa kama kukija, kohoa humohumo ndani ya regulata, usiitoe.

Naomba nisimulie kilichonipata mimi maana ndicho kilichonifundisha kuliko kozi. Tulikuwa mita 24. Asubuhi ile kijana aliyekuwa anasaidia vifaa kwenye boti alipita nyuma yangu akashika valvu ya mtungi, akaizungusha. Kuna mazoea ya zamani ya kufungua valvu mpaka mwisho halafu kurudisha robo ya mzunguko, na yeye nadhani alisahau upande gani ni upi, akafunga kabisa halafu akafungua robo. Juu nikapumua mara mbili, safi. Na hiyo ndiyo hatari ya valvu iliyofunguliwa kidogo, juu inatosha, chini kila pumzi inabeba hewa nyingi zaidi na lile tundu dogo haliwezi kupitisha. Mita 10 sikuhisi kitu. Mita 20 nikaona pumzi nzito, nikadhani nimechoka kwa kuogelea. Mita 24 nikavuta, ikaja nusu, ikakata. Nikaangalia geji: mshale ulikuwa kwenye 160, nikavuta ukaanguka mpaka 40, nikaacha ukapanda tena taratibu mpaka 160. Mpaka leo mshale ule nauona.

Mwenzangu alikuwa mbele, mita sita hivi, anapiga picha, kanipa mgongo. Mita sita mhariri, juu ya ardhi ni hatua nane. Nilipiga mapezi kwa nguvu zote na kadiri nilivyopiga ndivyo nilivyohitaji hewa zaidi na ndivyo regulata ilivyoninyima. Ile hamu ya kuvuta pumzi haiji kwa sababu oksijeni imeisha, inaletwa na kaboni dayoksaidi inayojaa mwilini, na ukitumia misuli inajaa haraka, kichwa kinapiga kelele vuta, vuta, vuta, hata kama mwilini oksijeni bado ipo. Nikamshika pezi. Akageuka, nikapitisha kiganja kooni kama mtu anayekata, ile ishara ya hewa imekwisha. Hakuuliza. Alinyoosha mkono wa kulia na regulata yake ya akiba, ile ya hozi ya njano, ilikuwa imebanwa kifuani pale katikati ya kidevu na mbavu inapotakiwa kuwa, nikaiweka mdomoni, nikapuliza nje kwanza maji yatoke, nikavuta. Akanishika mkanda wa jaketi, mi nikamshika wake, tukatazamana machoni tukapumua kama mara tano sita bila kufanya kitu kingine chochote. Halafu akapeleka mkono nyuma ya kichwa changu, akagusa valvu, akaanza kuizungusha na kuizungusha, nilisikia ule mkwaruzo wake kupitia fuvu. Hewa ikarudi. Tulipanda hata hivyo, safari ya siku ile iliishia pale, na ndivyo inavyotakiwa.

Toka siku hiyo kabla ya kuruka navuta pumzi nne tano kwenye regulata huku macho yako kwenye geji, mshale ukitikisika tu siruki. Na valvu yangu nafungua mpaka mwisho, hakuna cha robo. Mtu akiigusa baada yangu naikagua upya mbele yake, asikasirike.

Kwa hiyo ukiniuliza njia ya kwanza ya kupata hewa ni ipi, ni mwenzako, na mwenzako aliye mita sita mbele hayupo. Hili ndilo neno langu hasa katika barua hii yote. Njia zote mnazoweza kuziorodhesha kwenye gazeti zinategemea jambo lililoamuliwa kabla, mlikuwa karibu kiasi gani, mlibakiza hewa kiasi gani, mliwahi kufanya mazoezi ya kupeana regulata au mlifanya siku moja kwenye kozi mkasahau. Mimi na mwenzangu huwa tunafanya kila siku ya kwanza ya safari, tukiwa mita 5 au 6, mmoja anatoa ishara, mwingine anatoa regulata, tunapanda mpaka juu tukiwa tumeshikana, siyo kukaa magoti chini tu na kurudishiana. Ukifanya ukiwa unapanda ndipo unajua hozi ni fupi, ndipo unajua nani anatoa hewa kwenye jaketi lake na nani anasahau.

Kuhusu regulata ya akiba nina jambo linaloniudhi na nitalisema. Naona wazamiaji wengi inaning'inia chini inaburuzika kwenye mchanga, imejaa tope. Hiyo siyo ya akiba, hiyo ni takataka uliyoifunga kwenye mtungi, na siku mwenzako akiitafuta haipo pale anapotazama. Wengine, hasa waliotoka kwenye kuzamia mapango, wana mtindo wa kutoa ile ya mdomoni mwao wenyewe, iliyo kwenye hozi ndefu ya mita 2 hivi, maana inajulikana inafanya kazi, alikuwa anapumulia sekunde moja iliyopita, na wao wanachukua ndogo inayoning'inia shingoni kwa kamba ya mpira. Mtindo huo mi naukubali sana, kwa sababu mtu aliyeshikwa na hofu hatafuti ya njano, atang'oa ile anayoiona inatoa mapovu. Mtindo wowote ni sawa alimradi wote wawili mnaujua na mmesemezana kabla ya kuingia majini.

Ule wa zamani wa kupokezana regulata moja watu wawili, pumzi mbili wewe pumzi mbili yeye, ulikuwa wa siku ambazo regulata ya pili haikuwepo, enzi zilizofuata baada ya Wafaransa Cousteau na Gagnan kutengeneza regulata yao mwaka 1943. Unawezekana, lakini unahitaji watu wawili watulivu waliofanya mazoezi, na anayengoja zamu yake lazima awe anatoa mapovu kidogokidogo muda wote mkiwa mnapanda. Watu walikufa wawili badala ya mmoja kwa njia hiyo. Leo mwenye regulata ya akiba hana sababu ya kuitumia.

Sasa hewa ya kubakiza. Makala imesema urudi juu ukiwa na bari 50. Wengi tumefundishwa hivyo, kurudi juu, yaani kufika juu ukiwa na 50, siyo kuanza kupanda ukiwa na 50, na tofauti hiyo makala haikuisema. Tupige hesabu. Mtu aliyeshtuka anatumia kama lita 30 kwa dakika kipimo cha juu ya maji, wengine zaidi. Wawili ni 60. Mko mita 30, presha ni mara 4. Dakika moja ya kushikana na kutulia ni lita 240. Kupanda kwa mwendo salama wa mita 9 au 10 kwa dakika ni dakika 3 hivi, na wastani wa presha njiani ni 2.5, hiyo lita 450. Kusimama mita 5 kwa dakika 3, kile kituo cha tahadhari kabla ya kufika juu, ni lita 270. Jumla 960. Kwenye mtungi wa lita 12 hiyo ni bari 80, na hizo ni za kuwafikisha nyie wawili tu, haijabaki kitu. Mwenye bari 50 ana lita 600. Kwa hiyo mzamiaji aliye mita 30 na bari 50 akidhani yuko salama, yeye yuko salama, mwenzake hayuko. Na hewa ikiwa inawakatikia kile kituo cha mita 5 mnakiruka mnaenda juu, maana kituo hicho ni cha tahadhari tu kwa mtu ambaye hakupitiliza muda wake wa chini, ila nani anataka kufika hapo.

Wanaozamia chini zaidi au wanaozamia na mtu wasiyemjua, nawashauri mtungi mdogo wa pembeni wenye regulata yake kamili. Wa lita 3 ukijaa bari 200 una lita 600, na hesabu ileile kwa mtu mmoja kutoka mita 30 pamoja na kituo ni lita 480. Unatosha. Vile vichupa vidogo vya kushika mkononi vinavyouzwa sana, vikubwa vyake vina kama lita 85 za hewa, kwa mtu aliyeshtuka yuko mita 30 hiyo haifiki dakika moja, ni sekunde 40 na kidogo. Sivikatazi, mtu aliye mita 10 kitamfikisha juu, lakini anayekibeba mita 30 akaamini ana njia ya pili anajidanganya. Na mtungi wa pembeni uwe na alama regulata yake isichanganywe, valvu iwe wazi, na presha yake ipimwe kabla ya kila kuzama, maana nimeona mtu anabeba mtungi wa akiba mtupu msimu mzima.

Tuje sasa kwenye kile makala ilichotaka kusema, kupanda mwenyewe. Ipo, inafundishwa, na utaratibu wake ni kinyume kabisa na mlichoandika. Hii ni ya pale ambapo hewa imekata, mwenzako hayupo karibu, na hauko mbali na juu, mita 9 mpaka 12 hivi. Unaacha regulata mdomoni, haitoki. Unatazama juu, mkono mmoja umeunyoosha mbele ya kichwa, mwingine umeshika hozi ya jaketi utoe hewa yake inayopanuka. Unaogelea kwenda juu, haraka kiasi lakini siyo kama risasi, na muda wote unatoa sauti ya aaaaa mfululizo ndani ya regulata. Hiyo sauti siyo pambo. Ukiweza kusema aaa maana yake koo liko wazi na hewa inatoka, ukinyamaza huna uhakika. Siyo kupuliza yote kwa mara moja ukabaki mtupu, ni kuachia kidogokidogo kama unajisemea, na utashangaa kwamba haiishi, kwa sababu ile iliyobaki mapafuni inaendelea kupanuka kadiri unavyopanda. Wanafunzi wengi wanafika juu wananiambia bado nilikuwa na hewa ya kutoa.

Na jambo la pili ambalo watu hawalijui, mtungi uliokwisha mita 20 haujaisha kabisa. Ukipanda mita chache presha ya nje inashuka na regulata inaweza kukupa pumzi nyingine moja au mbili, ndiyo sababu nasema usiitoe mdomoni. Kila ukisikia unakufa jaribu kuvuta, ikija vuta, halafu endelea na aaa.

Kutoka chini zaidi, au ukiona hufiki, unaachia vyuma vya uzito kiunoni na maji yanakubeba. Hapo umeshakubali hatari ya kupanda haraka, maana kuumwa kwa kupanda haraka, yaani mapovu ya gesi kujiunda mwilini, kunatibika na kuzama hakutibiki. Koo wazi tu.

Ukifika juu kazi haijaisha na hapa watu wanafia wakiwa tayari wanaona jua. Mtungi mtupu haujazi jaketi, kitufe unabonyeza hakijibu, mtu amechoka, anazama tena. Jaze kwa mdomo, au achia vyuma, vyote viwili kama unaweza. Halafu waliopo kwenye boti wasimwache aliyepanda hivyo akae peke yake anakunywa maji anasema niko sawa. Apewe oksijeni asilimia 100 kama ipo, alazwe chali, aangaliwe kama mkono unalegea, kama maneno yanavurugika, kifua kinauma, mate yana damu, na chochote kati ya hivyo ni kwenda hospitali ambako chemba ya presha, kile chumba cha kutibia wazamiaji kwa hewa yenye presha, inafikika, siyo kulala kwanza. Na asirudishwe chini ya maji kwa kisingizio cha kumtibu.

Wasomaji wawili niliowaonyesha makala yenu waliniuliza pia kuhusu kupumua hewa ya ndani ya jaketi, na kupumua mdomo wa mtungi wenyewe bila regulata. Yote mawili yamewahi kufanyika. Sehemu ya hewa ya jaketi huenda ni ile uliyoipuliza wewe mwenyewe, mle ndani kuna unyevu na fangasi, na ukiivuta unapoteza uwezo wako wa kuelea wakati unauhitaji zaidi. Ya mtungi inataka uvue vifaa, ufungue valvu kidogokidogo na kunyonya mapovu, mtu anayeweza kufanya hivyo kwa utulivu huo ni bora utulivu wake autumie kuogelea kwa mwenzake. Gazeti likiziweka njia hizi kwenye orodha moja na kupeana regulata, kana kwamba uzito wake ni sawa, mtu atachagua ile inayosikika ya ajabu.

Mhariri, ombi langu ni dogo. Chapisheni masahihisho, na siyo kwa maandishi madogo kona ya chini ukurasa wa mwisho, yawekwe ukurasa uleule wa makala ile na ukubwa uleule, mseme wazi kwamba anayepumua kwa mtungi asizuie pumzi akiwa anapanda kwa sababu yoyote ile. Toleo la mtandaoni mnaweza kulirekebisha leo, naona hadi naandika hapa sentensi bado ipo na watu wameisambaza. Na mwandishi wenu kama atapenda niko tayari kumpeleka bwawani, mita 2 zinatosha, nimwonyeshe ile aaa kwa dakika kumi aisikie mwenyewe kifuani.

Msomaji wenu, mwalimu wa kuzamia.